Neno "Check": Maana Zake, Matumizi Yake na Asili Yake

Limetufikia swali ambalo twajua haliulizwi na mtu mmoja tu, kwani limekuwa likizunguka katika baraza zetu na hata katika madrasa. Swali lenyewe ni hili: Je, ni kweli kwamba neno la Kiingereza "cheque", yaani ile hati ya benki tuiitayo hundi, asili yake ni neno la Kiarabu "sakk"? Wengi wa ndugu zetu hujibu kuwa ni kweli, tena hujibu kwa yakini, na wako waliolitia jambo hili katika mawaidha yao kuwa ni ushahidi kwamba Wazungu walijifunza biashara kwa Waislamu. Kisha vijana wetu wasomao shuleni hufungua kamusi kubwa za Kiingereza, wakakuta maelezo mengine kabisa, wakarudi wakiuliza ni nani wa kusadikiwa.

Swali hili si dogo kama lionekanavyo. Kijana akiona kwamba mwalimu wake amesema kwa yakini neno lisilo sahihi, tena neno ambalo yeye mwenyewe ameweza kulipima kwa kufungua kitabu, huanza kutia shaka hata katika yale asiyoweza kuyapima. Khasara hiyo ni kubwa kuliko faida yoyote ya kujisifu kwa neno moja. Kwa hivyo tumeona tuliandikie neno hili darasa lake, tueleze kwanza maana zake na namna litumikavyo, kisha tulifuate nyuma mpaka lilikotoka.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba "check" na "cheque" si maneno mawili. Ni neno moja lenye hijai mbili. Waingereza, na sisi katika shule zetu za Kenya tuliofuata hijai yao, huandika "cheque" kwa hati ya benki peke yake, na "check" kwa maana nyengine zote. Wamarekani huandika "check" kwa zote pamoja na hiyo ya benki. Mwanafunzi asomaye kitabu kilichopigwa chapa Marekani asidhani kuwa amekuta kosa.

Ama maana zake ni nyingi, na ndizo zinazowatatiza wanafunzi wetu. Maana iliyo mashuhuri leo ni kukagua au kuhakikisha: mwalimu huwaambia watoto wazikague hesabu zao kabla ya kutoa daftari, na fundi huzikagua breki za gari. Maana hii twaijua sana sisi kabla ya kuijua kwa Kiingereza, kwani ndiyo ile tuliyoamrishwa katika Suratul Hujurat, kwamba ijapo khabari tuihakikishe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Lakini iko maana nyengine iliyo kongwe kuliko hiyo, nayo ni kuzuia au kusimamisha. Mpanda farasi avutapo hatamu ghafula, Mwingereza husema amem-"check" farasi wake. Daktari azuiapo maradhi yasienee, neno ni hilo hilo. Na wataalamu wa serikali wasemapo kwamba bunge, mahakama na rais kila mmoja awe na uwezo wa kumzuia mwenziwe asipite mpaka, hutumia neno hili. Mwanafunzi anayejua maana ya kukagua tu atafasiri vibaya. Ataandika kuwa adui "alikaguliwa" mtoni, na hali makusudio ni kwamba alizuiliwa mtoni asivuke.

Kisha kuna nguo. Kitambaa cha mirabamiraba, kama vile mashati ya shule ya wasichana wengi, huitwa kwa neno hili. Kuna kipande cha karatasi au cha bati apewacho mtu anapoweka mzigo wake mahali, ili akirudi akionyeshe apewe kilicho chake. Huko Marekani hesabu ya chakula iletwayo mezani mkahawani ni "check", na ile alama ndogo ya vema itiwayo mbele ya jibu sahihi ni "check" pia. Na katika mchezo wa sataranji, mchezaji akimtishia mfalme wa mwenziwe, hutamka neno hili ili kumtahadharisha.

Hapa kwetu vijana wamelifanya neno hili kuwa la kila shughuli. "Hebu cheki", "nicheki jioni", "amenichekia gari". Sisi hatuwalaumu kwa kukopa neno, kwani lugha yetu imekopa tangu zamani na haikupungua. Tunalosikitika ni kwamba mtu hubaki na neno moja mahali alipokuwa na mengi: tazama, kagua, hakiki, pima, chungua, zuia, pitia. Mwenye kusema "cheki" kwa haya yote hawezi tena kutofautisha kati ya kuitazama gari na kuikagua, na tofauti hiyo huijua siku breki zinapokataa.

Basi ni vipi neno moja likabeba farasi aliyezuiliwa, shati la mirabamiraba, hesabu iliyohakikishwa na fedha ya benki? Jawabu liko katika maana ile tuliyoitaja mwisho, ya sataranji. Nyengine zote ni watoto na wajukuu wake.

Mchezo wa sataranji ulitokea Bara Hindi, na jina lake katika lugha ya Kisanskriti lilikuwa "chaturanga", maana yake viungo vinne, yaani vikosi vinne vya jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, ndovu na magari ya vita. Kutoka Bara Hindi uliingia Uajemi ukaitwa "chatrang". Waarabu walipoifungua nchi ya Uajemi katika karne ya kwanza ya Hijra waliukuta mchezo huu, na kwa kuwa Kiarabu hakina ile sauti ya "ch", wakauita "shatranj". Neno letu sataranji ni hilo hilo. (Ama hukumu yake ni mas-ala ya fiqhi, na khitilafu za maimamu ndani yake ni mashuhuri, katika madhehebu yetu ya Kishafii ni makuruhu madamu haukutiwa kamari wala haukumpotezea mtu sala, na maimamu wengine wamekaza zaidi ya hapo. Sisi hapa twaufuata kwa ajili ya neno tu.)

Waajemi walimwita mfalme wa mchezo huo kwa jina la mfalme wao, "shah". Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufasiriwa neno hili, kwani tunalo: shaha ni mkuu, na malenga aliyewapita malenga wenziwe huitwa shaha. Na adabu ya mchezo ilikuwa kwamba mchezaji asimvamie mfalme wa mwenziwe kimya kimya. Ilimpasa atamke "shah!", yaani mwangalie mfalme wako. Mfalme akizingirwa asiwe na pa kukimbilia, husemwa "shah mat". Waarabu wengi walifahamu kuwa maana yake ni mfalme amekufa, kwa kuwa "mata" kwa Kiarabu ni amekufa. Walakini wajuzi wengi wa Kiajemi husema maana yake ni mfalme amekwama, amebaki hana hila, na hii ndiyo ielekeayo zaidi, kwani katika sataranji mfalme hauawi wala hatolewi ubaoni. Mchezo humalizika naye angali amesimama mahali pake.

Kwa mikono ya Waislamu mchezo uliingia Ulaya, khasa kwa njia ya Andalusia, kiasi cha karne ya 10 ya Masihiya. Mtu akitaka ushahidi na atazame lugha ya Kihispania. Sataranji yenyewe kwa Kihispania ni "ajedrez", nalo ni "ash-shatranj" bila ya kificho. Kete ya ndovu huitwa "alfil", na kila aliyesoma Suratul Fil anajua limetoka wapi. Na tahadhari ya mfalme ni "jaque", yaani shah. Wajerumani huuita mchezo "Schach", na Warusi huuita "shakhmaty", wakachukua shah na mat pamoja wakavifanya jina moja. Katika Kilatini cha wakati huo "shah" ikawa "scaccus", katika Kifaransa cha kale ikawa "eschec", na Wanormani walioitawala Uingereza tangu mwaka 1066 wakawa ndio waliolipitisha kwa Waingereza. Kufika karne ya 14 twalikuta katika mashairi ya Chaucer likitumiwa kwa mchezo huo. Hata jina la Kiingereza la mchezo wenyewe, "chess", ni wingi wa neno hilo hilo kwa Kifaransa cha kale. Kwa hivyo "chess" na "check" ni ndugu wa baba mmoja, na baba huyo ni shah wa Kiajemi.

Maana ya kuzuia ilizaliwa ubaoni. Aliyeambiwa "shah!" hana rukhsa ya kuendelea na alilokuwa akilipanga. Hata akiwa yuko karibu kushinda upande mwengine, lazima aache vyote amwokoe mfalme kwanza. Basi kila jambo lililomkatiza mtu ghafula likafananishwa na hali hiyo, likaitwa "check". Kisha kila kizuizi. Kisha kila usimamizi unaomzuia mtu asikosee au asiibe. Na kutoka hapo ni hatua moja tu kufika kwenye kukagua na kuhakikisha. Maana hii ya kukagua, ambayo leo watu huidhani kuwa ndiyo asili, ni ya nyuma kabisa katika safari hii.

Ama ule ubao wenyewe, wenye vyumba vya mraba, ulikwenda njia nyengine, na hii ndiyo itakayotupeleka benki. Kwa Kifaransa cha kale ubao wa sataranji uliitwa "eschequier". Wafalme wa Kinormani katika Uingereza walikuwa na meza maalumu ya kuhesabia mapato ya nchi, na kitabu kilichoandikwa kiasi cha mwaka 1177 na mweka hazina wa mfalme Henry wa Pili, Richard FitzNeal, kimeieleza meza hiyo kwa urefu. Ilikuwa ya futi 10 kwa futi 5, yenye ukingo wa vidole vinne pande zote ili kitu kisianguke. Juu yake ilitandikwa nguo nyeusi iliyochorwa mistari, na katika safu za mistari hiyo waliweka vihesabio: safu ya senti za wakati huo, safu ya shilingi, safu ya pauni, kisha pauni ishirini ishirini, mia na elfu. Meza ikashabihi ubao wa sataranji, ikaitwa kwa jina lake. Na idara nzima ya hazina ikaitwa "Exchequer", jina ambalo Uingereza hulitumia kwa hazina yake mpaka leo. Mwandishi huyo asema pia kuwa shabaha ilikuwepo katika mapambano yenyewe: upande mmoja ameketi mweka hazina, upande wa pili ameketi mkuu wa wilaya aliyeleta kodi, na kila mmoja amshindania mwenziwe kama wachezaji wawili, na watu wengine wakitazama.

Mkuu huyo wa wilaya kwa Kiingereza huitwa "sheriff", na hapa twataka kusimama kidogo, kwa sababu tumepata kumsikia mtu akisema kwamba neno hili ni "sharifu" wetu. Si hivyo hata kidogo. "Sheriff" ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale yaliyounganishwa, moja maana yake wilaya na la pili maana yake msimamizi, nayo yalikuwa yakiandikwa mbalimbali kabla ya Waingereza kukutana na masharifu. Msomaji aliweke jambo hili akilini, tutalihitaji mbele.

Huenda mtu akauliza, kwa nini hesabu za ufalme zifanywe kwa vihesabio juu ya nguo, zisiandikwe karatasini? Ni kwa sababu Wazungu wakati huo walikuwa wakiandika tarakimu za Kirumi, ambazo hazina sifuri, na kwa tarakimu hizo mtu hawezi kujumlisha wala kutoa ila kwa taabu kubwa. Tarakimu zilizotoka Bara Hindi na kuenezwa na Waislamu zilikuwa hazijashika huko. Leonardo wa Pisa aliyejifunza hesabu hizo katika mji wa Bijaya, nchi ya Aljeria ya leo, aliandika kitabu chake mwaka 1202, na hata baada ya hapo zilichukua muda mrefu kukubaliwa.

Basi mkuu wa wilaya akishalipa alipewa nini cha kuonyesha? Alipewa kijiti. Kijiti hicho kilikatwa mikato ya vipimo vinavyojulikana: mkato wa upana wa kiganja ni pauni elfu, wa upana wa kidole gumba ni pauni mia, wa kidole cha mwisho ni pauni ishirini, na wa upana wa punje ya shayiri iliyoiva ni pauni moja. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu, nusu kwa mlipaji na nusu ikabaki hazina. Siku ya hesabu nusu mbili ziliunganishwa. Mikato ikikutana, ni sahihi. Isipokutana, mmoja ameghushi. Vijiti hivi vilitumika mpaka mwaka 1826, na mwaka 1834 walipovichoma katika tanuri za chini ya Bunge la London, moto uliwashinda ukaliunguza Bunge lenyewe.

Tumekitaja kijiti kwa sababu ndani yake ndimo limo wazo la hundi ya benki. Hazina ilipoanza kutoa hati za karatasi mwishoni mwa karne ya 17, kila hati ilikuwa na kipande chake kinachobaki kitabuni, mfano wa ile nusu ya kijiti. Kipande hicho ndicho kilichoitwa "check" mwanzoni mwa karne ya 18, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzuia kughushi na kuhakikisha. Baadaye jina likahama kutoka kwenye kipande kinachobaki likaenda kwenye karatasi inayotolewa. Mwenye kitabu cha hundi leo akikifungua atakiona kile kishina cha pembeni kinachobaki mkononi mwake. Hicho ndicho chenye jina kwa asili, na ile karatasi anayoikata akampa mtu imerithi tu.

Na hijai ya "cheque" je? Ililetwa na waandishi wa mambo ya benki. Mmoja wao, James William Gilbart, mwishoni mwa miaka ya 1820 alieleza katika kitabu chake kwamba aghlabu ya waandishi huandika "check", ila yeye amechagua hijai ile nyengine kwa sababu haitatanishi na maana nyengine, na kwa kuwa inafanana na jina la Hazina ya mfalme. Waingereza wakamfuata. Wamarekani wakabaki na ya kale.

Sasa turudi kwenye "sakk". Hatutaki msomaji adhani kuwa ndugu zetu wametunga kitu kisichokuwapo. Sakk ilikuwapo, na khabari yake ni thabiti kuliko wengi wanavyojua. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kuwa katika zama za Marwan bin al-Hakam, alipokuwa gavana wa Madina, watu walitolewa sukuk, yaani hati za kupokelea chakula kilichokuwa al-Jar, bandari ya Madina katika Bahari ya Sham. Watu wakaanza kuziuza hati hizo wao kwa wao kabla ya kukipokea chakula chenyewe. Zaid bin Thabit na sahaba mwengine, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yao, wakamwendea Marwan wakamkabili kwa maneno makali wakimuuliza kama anahalalisha riba, naye akawatuma askari wakazitoe hati hizo mikononi mwa watu na kuzirudisha kwa wenyewe. Katika Sahihi Muslim, aliyemkabili Marwan kwa jambo hili ni Abu Huraira. Hii ni karne ya kwanza ya Hijra, na tayari karatasi iliyoandikwa haki ya mtu inapita sokoni kama mali. Wale wanaonunua leo hundi za tarehe za mbele kwa bei ya chini kuliko kilichoandikwa, na jambo hilo lipo katika miji yetu, wangefanya vyema kuusoma mlango huo wa Muwatta pamoja na sheikh anayeujua.

Katika karne ya 10 ya Masihiya msafiri Ibn Hawqal ameitaja sakk ya deni la dinari 42,000 aliyoiona huko Awdaghust, kando ya jangwa la Sahara, baina ya wafanyabiashara wa asili ya Sijilmasa. Na katika karne ya 11 Nasir Khusrau alipofika Basra alikuta watu wanaweka mali zao kwa sarafu, wanachukua hati, kisha wananunua sokoni na kumhawilisha muuzaji kwa sarafu huyo, wala hawashiki fedha madamu wamo mjini. Hiyo ni benki, kwa maana yoyote itakayotakwa. Lakini tazama: yeye hati hizo haziiti sakk, aziita khatti.

Kwa hivyo kitu kilikuwapo kwa Waislamu mamia ya miaka kabla ya benki za London. Hilo halina mjadala. Mjadala ni katika neno, na neno haliendi na kitu siku zote. Lau "cheque" ingekuwa ni "sakk", tungeikuta kwanza katika nchi zilizochukua biashara kwa Waislamu moja kwa moja, nazo ni Hispania na miji ya Italia. Hispania imechukua "aduana" kutoka katika diwani, na "almacén" kutoka katika makhzani, na haina neno la hundi lililotokana na sakk. Neno walitumialo leo, "cheque", wameliazima kutoka Uingereza. Wafaransa nao walipotunga sheria ya hati hizo mwaka 1865 walitumia neno la Waingereza. Neno limetoka kaskazini kwenda kusini, na lingetoka kwa Waarabu njia yake ingekuwa kinyume cha hivyo. Tena katika Kiingereza chenyewe "check" ina zaidi ya miaka mia tatu ikitumika kwa sataranji na kwa kuzuia kabla ya kutumika kwa karatasi yoyote ya fedha. Na Waarabu walio wengi leo, wanapotaka kuitaja hundi ya benki, husema "shik", neno walilolipokea kwa Wazungu. Nayo sukuk wameiweka kwa hati za mitaji za benki za Kiislamu. Mtu hakopi kwa jirani kitu ambacho ni chake mwenyewe na angali nacho nyumbani.

Atasema msemaji: mbona sauti zafanana na maana zakaribiana? Jawabu ni lile la sharifu na "sheriff". Na mfano ulio wazi zaidi ni huu: kitu kibaya kwa Kiingereza ni "bad", na kitu kibaya kwa Kiajemi ni "bad" vilevile, sauti moja na maana moja, na wajuzi wa lugha hizo mbili wamethibitisha kuwa hayana uhusiano wowote. Mfanano huzindua swali tu. Lenye kulijibu ni maandishi ya kila zama, moja baada ya moja.

Na liko jambo ambalo wenye kushikilia "sakk" hawalitaji. Ibn Mandhur katika Lisanul Arab asema kuwa sakk yenyewe ni neno lililoarabishwa, asili yake ni la Kiajemi. Basi hata wangeshinda katika hoja yao, neno lisingekuwa la Kiarabu. Lingerudi Uajemi, kule kule aliko shah.

Wala hatuwakubalii wale wa upande wa pili, wasemao kuwa madai yote ya namna hii ni ndoto. Yako maneno ya Kiingereza ya biashara na ya elimu ambayo kamusi za Waingereza wenyewe zakiri kuwa yametoka katika Kiarabu: "tariff" kutoka katika taarifa, "magazine" kutoka katika makhazini, "algebra" kutoka katika al-jabr, na "zero" na "cipher" zote mbili kutoka katika sifuri, neno moja likaingia Ulaya kwa milango miwili. Na "check" yenyewe isingefika London lau si Waislamu walioupokea mchezo kwa Waajemi wakauvusha bahari. Haya yatosha kwa mwenye kutaka kuwaonyesha vijana wetu kwamba wazee wao walikuwa na sehemu katika elimu ya dunia, na hakuna kamusi itakayomtahayarisha.

Hundi ya benki yenyewe yapungua siku hizi. Tangu mwaka 2009 hundi za Kenya zimewekewa mpaka wa shilingi milioni 1, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 wengi hulipana kwa simu. Jina tulilolipa hati hiyo sisi, hundi, tulilichukua kwa wafanyabiashara wa Kihindi ambao karatasi zao zilikuwa zikipita baina ya Bombay, Unguja na Mombasa, na hakuna aliyeona haya kwalo. Tuna na hawala, ambalo ni la Kiarabu na lina mlango wake katika fiqhi, nao ni kuhamisha deni kutoka katika dhima ya mtu kwenda katika dhima ya mwengine. Mwalimu afasiriye "cheque" na atumie hundi, aihifadhi hawala kwa maana yake, wala asizichanganye.

Wako walioulizia pia neno "risk", ambalo husemwa kuwa limetoka katika rizki. Hilo wajuzi wa lugha wamekhitilafiana ndani yake, na dalili za kila upande ni ndefu. Tumelitengea darasa lijalo, inshaallah.